UZI: RetroArch au emuleta ya konsoli moja moja? Chagua kwa konsoli, si kwa programu

KasetiYaZamani (mwanzisha uzi)

Wakuu, swali la "niweke RetroArch au nishushe emuleta ya kila konsoli" linarudi kila mara (emuleta ni programu inayoiga konsoli ya michezo kwenye simu au kompyuta), na majibu yake huwa ni ushabiki wa Simba na Yanga. Naliweka hapa kwa utaratibu, wenye nyongeza waje.

Tuanze na kujua kila kitu kinafanya nini. RetroArch yenyewe haiigi konsoli yoyote. Ni ganda linaloshughulikia kioo, sauti, pedi na mafaili, halafu ndani yake unapakia kiini, ile faili ambayo kwenye menyu imeandikwa Core. Kiini ndicho kinachoiga mashine. Emuleta za kujitegemea kama DuckStation (PS1), PPSSPP (PSP), Dolphin (GameCube na Wii), PCSX2 (PS2) na mGBA (Game Boy Advance, yaani GBA) zina ganda na kiini vilivyotengenezwa pamoja na watu wale wale.

Tofauti zote mnazozisikia zinaanzia hapo. Viini vingi vya RetroArch asili yake ni emuleta za watu wengine zilizohamishiwa kwenye libretro, mfumo ambao RetroArch inautumia kupakia viini. Pale mwandishi wa asili anapokitunza kiini mwenyewe, au kinapotunzwa kwa karibu, hukosi kitu kikubwa: Snes9x (SNES), Genesis Plus GX (Sega), FBNeo (arcade) na mGBA ziko hivyo. Pale kilipohamishwa na mtu mwingine akakiacha, unacheza toleo la zamani bila kujua. Kiini cha Mesen kwa NES, kwa mfano, bado kinatokana na Mesen ya kwanza, wakati Mesen 2 inayojitegemea imeshaongeza SNES, Game Boy, GBA na PC Engine. Kiini cha Dolphin kilibaki nyuma ya Dolphin yenyewe kwa miaka. DuckStation ndiyo kabisa: kiini chake kiliondolewa, kilichobaki ni SwanStation, tawi lililotokana na msimbo wake wa zamani. Na tangu Septemba 2024 DuckStation imebadili leseni kutoka GPL, inayoruhusu kurekebisha na kusambaza, kwenda ile inayokataza kusambaza kazi iliyorekebishwa, kwa hiyo msitegemee mapya yake yahamie kwenye SwanStation.

Msimamo wangu ni huu. Konsoli za kaseti mpaka biti 16, Game Boy zote tatu, na mashine za arcade za 2D: RetroArch. PSP, PS2, GameCube na Wii: emuleta ya kujitegemea, na sioni cha kubishania. Katikati hapo, yaani PS1, N64, Saturn, DS na Dreamcast, jibu linategemea kifaa ulichonacho na unataka nini. PS1 ndiyo yenye mambo mengi, naiachia wajuzi.

Kwa nini PSP na PS2 ziende kivyake? Emuleta za konsoli hizi zinatumia GPU yako (chipu ya michoro) moja kwa moja, na kila gemu lina marekebisho yake. Emuleta ya kujitegemea ina ukurasa wa mipangilio kwa kila gemu, na marekebisho hayo yanafika siku yanapotoka. Ndani ya RetroArch unapata sehemu tu ya vitufe hivyo, vimegeuzwa kuwa orodha ndefu ya Core Options, na ganda linang'ang'ania kioo na kiini kinang'ang'ania kioo hicho hicho. Kioo cheusi kwenye viini vya 3D mara nyingi kinatoka hapo: umebadili Video Driver (njia ya kuchora picha) kuwa vulkan wakati kiini kinataka gl, au kinyume chake. Badili Settings > Drivers > Video, funga programu kabisa, fungua upya.

---

Binti Pangani

Uzi mzuri mkuu. Naomba msaada: simu ni Android Go, RAM GB 2. Nimeshusha RetroArch_aarch64.apk, inagoma kusakinika, inasema programu haiendani na simu. Lakini chipu inasemekana ni biti 64. Tatizo nini?

---

Chuma cha Reli

Dada, chipu ni biti 64 lakini Android iliyowekwa juu yake ni ya biti 32. Simu nyingi za RAM ndogo zinauzwa hivyo ili kupunguza matumizi ya kumbukumbu. Weka AIDA64, ingia sehemu ya CPU, tazama mstari wa Supported ABIs. Kama huoni arm64-v8a hapo, kinachokufaa ni RetroArch_ra32.apk. Usihangaike na Dolphin, inataka Android ya biti 64. PPSSPP bado ina toleo la biti 32.

Kwa simu hiyo chukua viini vyepesi: Snes9x 2005 au 2010 badala ya Snes9x ya sasa, PicoDrive kwa Sega, gpSP kwa GBA kama mGBA inasuasua, PCSX ReARMed kwa PS1. Usiguse bsnes wala Beetle PSX.

---

Binti Pangani

ra32 imekubali. Asante sana.

---

kitufe_B

Mimi napinga kidogo. Mnawasifia wageni RetroArch halafu wanakutana na menyu yenye vyumba mia. Mtu anataka kucheza GBA tu. mGBA unafungua, unachagua gemu, unacheza. Kwenye RetroArch anabadilisha kitu kimoja kwenye gemu moja, kesho kila gemu limebadilika. Hapo mseme ukweli.

---

KasetiYaZamani

Ukweli ni huo, kitufe_B, na sababu yake ni moja: watu hawajui ngazi za mipangilio. RetroArch inasoma kwanza retroarch.cfg ya jumla, kisha mipangilio ya kiini, kisha ya folda la gemu, mwisho ya gemu lenyewe. Ya mwisho ndiyo inashinda. Ukibadili kitu bila kusema unakihifadhi ngazi ipi, na Save Configuration on Exit imewashwa, kinaandikwa kwenye faili ya jumla. Ndiyo hiyo "kesho kila gemu limebadilika".

Dawa: weka kwanza mambo ya jumla kama pedi, lugha, folda na kioo. Nenda Main Menu > Configuration File > Save Current Configuration. Kisha Settings > Configuration, zima Save Configuration on Exit. Kuanzia hapo, ukitaka kubadili kitu kwa SNES tu, fungua gemu la SNES, badili, halafu Quick Menu > Overrides > Save Core Overrides. Ukitaka gemu moja tu, Save Game Overrides. Jihadhari: Core Options haziingii kwenye Overrides, zina faili zake, na vitufe vya pedi ulivyobadilishia kiini vinahifadhiwa kwenye Controls > Manage Remap Files. Ni faili za aina tatu tofauti. Hapo ndipo wengi wanapotea.

Ila nakubaliana na wewe kwa mtu wa GBA peke yake. Tena kama anataka kuunganisha GBA mbili kwa kebo ili kubadilishana Pokémon, kiini cha mGBA hakiwezi kabisa. mGBA ya kompyuta unafungua dirisha la pili la wachezaji wengi, mchezo umekwisha. RetroArch inalipa pale unapokuwa na konsoli tano au sita na pedi moja: unaipanga pedi mara moja tu, kitufe cha kutoka ni kile kile kila mahali.

---

fremu60

PS1 niachieni mimi.

Viini na emuleta zinazostahili kutajwa ni nne. PCSX ReARMed ni nyepesi kuliko zote kwenye simu, na ndani yake kuna mbadala wa BIOS (programu ya kuwashia iliyo ndani ya konsoli), kwa hiyo magemu mengi yanawaka hata bila BIOS halisi, ingawa mengine yatagoma kwenye memori kadi. Beetle PSX ni ya uhakika zaidi wa kuiga lakini nzito, ni ya kompyuta. SwanStation iko katikati. DuckStation inayojitegemea ndiyo bora kwa mtu anayetaka picha kubwa na safi bila kuchimba menyu.

Kwa nini DuckStation? Mipangilio ya kila gemu iko mahali pamoja, na inajua yenyewe magemu yanayovurugika ukiwasha kitu fulani, inakizima. Kitu muhimu kuliko vyote ni PGXP. PS1 halisi inakadiria kona za maumbo kwenye pikseli kamili, haina nusu. Kwenye televisheni ya zamani hukuona. Ukiongeza ukubwa wa picha mara 4, kuta zinaanza kutetemeka na sakafu kupinda. PGXP inatunza desimali zilizotupwa. Iwashe pamoja na Perspective Correct Textures. Beetle PSX HW na SwanStation nazo zina PGXP, lakini gemu likivurugika unalitafutia tiba mwenyewe.

BIOS sasa, kwa sababu theluthi ya maswali hapa ni BIOS. Beetle inataka majina haya hasa, kwa herufi ndogo, ndani ya folda la system: scph5500.bin kwa Japani, scph5501.bin kwa Marekani, scph5502.bin kwa Ulaya. Kila moja ni baiti 524,288 kamili. Kama yako ni ndogo au kubwa kuliko hapo, siyo. scph5501.bin sahihi ina MD5 (alama ya kutambua faili) 490f666e1afb15b7362b406ed1cea246. Linux inatofautisha herufi kubwa na ndogo, kwa hiyo huko SCPH5501.BIN haionekani ingawa iko pale. DuckStation haijali jina, inaitambua kwa yaliyomo, mradi iko kwenye folda lake la bios. Na BIOS ni mali ya Sony: ya halali ni ile uliyoitoa kwenye mashine yako mwenyewe. Msiombe viungo humu, mod atafuta.

Diski: acheni kubeba bin na cue ishirini. Kwenye kompyuta chukua chdman, inakuja na MAME, kisha:

chdman createcd -i "gemu.cue" -o "gemu.chd"

Faili moja, ndogo, na inasomeka na zote nne. Gemu la CD tatu: tengeneza chd tatu, kisha faili ya maandishi gemu.m3u yenye majina matatu, kila jina mstari wake. Fungua m3u, usifungue chd. Usipofanya hivyo kila CD inapata memori kadi yake, ukifika CD ya pili unakuta sevu haipo.

---

Mdau wa Nyali

fremu60, nina Final Fantasy IX yangu halisi ya Ulaya, nimeitoa vizuri kabisa, lakini inaganda mapema kila mara. Emuleta mbili tofauti, tatizo lile lile.

---

fremu60

Hiyo ni LibCrypt, kinga ya kuzuia kunakili iliyowekwa kwenye baadhi ya CD za PAL, yaani za mfumo wa televisheni wa Ulaya. Data yake imejificha kwenye njia ya pembeni ya CD ambayo bin na cue za kawaida hazibebi. Unahitaji faili ya .sbi ya toleo lako hasa la CD, iwe na jina lile lile la gemu na ikae folda moja nalo. Spyro: Year of the Dragon ya PAL ina kinga hiyo hiyo. Tazama namba ya utambulisho ya CD ulinganishe: SLES na SCES ni za PAL, SLUS na SCUS za Marekani.

Halafu PAL ina jambo jingine. Inaenda fremu 50 kwa sekunde. Kioo chako ni Hz 60. Hakuna mipangilio itakayofanya 50 iingie kwenye 60 bila kukwaruza, fremu moja kati ya tano itaonyeshwa mara mbili. Huku kwetu televisheni zilikuwa za PAL kwa hiyo CD halisi za SLES zipo, ila kama una chaguo kati ya CD mbili, chukua ya Marekani.

---

Binti Pangani

Na mbona kuna mtu alisema GBA siyo 60 kamili, lakini haikwaruzi?

---

fremu60

Swali zuri. GBA ni Hz 59.73, NES ya Marekani 60.10. RetroArch inafuata mwendo wa kioo, kisha inanyoosha au kubana sauti kidogo sana ili iendane. Kwenye Settings > Audio utaona Maximum Timing Skew 0.05, yaani inakubali kubadili mwendo hadi asilimia 5. GBA inahitaji chini ya nusu ya asilimia, sikio halishiki. Kutoka 50 kwenda 60 ni asilimia 20, inakataa. Hili ndilo jambo ambalo RetroArch inafanya vizuri kuliko emuleta nyingi za kujitegemea: mwendo laini bila kugusa kitu. DuckStation nayo ina Sync to Host Refresh Rate, lakini lazima uiwashe.

Simu za Hz 90 zinaharibu mpango huu wote, maana 60 haiingii sawasawa kwenye 90. Ingia mipangilio ya simu, kioo, chagua 60. Hz 120 haina shida kwa sababu kila fremu inaonyeshwa mara mbili.

Sauti inayopasuka kwenye simu dhaifu ni jambo tofauti, hapo kiini hakifikii mwendo. Washa Display Framerate. Ikionyesha 60 thabiti na bado sauti inapasuka, ongeza Audio Latency kidogo kidogo. Ikionyesha 48, badili kiini, hakuna mipangilio ya sauti itakayokuokoa.

---

Jirani wa Kisutu

Wengine tunacheza mpira tu jamani 😂 PES, lile gemu la mpira, ya PSP yenye timu mpya. RetroArch au PPSSPP?

---

Chuma cha Reli

PPSSPP, tena bila kufikiria mara mbili. Faili za PES zilizorekebishwa zinakuja na mafolda mawili, SAVEDATA na TEXTURES, na maelekezo yote mtaani yameandikwa kwa PPSSPP inayojitegemea. Unayaweka ndani ya PSP/SAVEDATA na PSP/TEXTURES, kisha Settings > Tools > Developer tools > Replace textures. Kiini cha PPSSPP kinatafuta sevu ndani ya folda la saves la RetroArch, na zaidi ya hapo kinahitaji folda la PPSSPP lenye fonti ndani ya system. Bila fonti hizo gemu linawaka lakini maandishi ya menyu hayaonekani, mtu anadhani ISO (faili ya gemu) ni mbovu.

Simu ya kawaida: anza na Rendering resolution 1x, ambayo ni 480×272 kama PSP yenyewe. Ikienda vizuri panda 2x. Backend (njia ya kuchora picha) jaribu Vulkan, GPU za Mali za zamani zikionyesha rangi za ajabu rudi OpenGL. Frameskipping 1 ni ya mwisho kabisa. Skip buffer effects inaongeza kasi sana lakini inafuta marudio ya magoli na vivuli kwenye baadhi ya magemu, kwa hiyo iwashe kwa gemu moja kupitia Create game config, isiwe ya jumla.

Jambo la kushika: PPSSPP ikifunguka mara ya kwanza inauliza iweke data wapi. Chagua folda la kudumu. Ukichagua folda la ndani la programu, siku unapoiondoa, msimu wako wote wa Master League unaondoka nao. Na PPSSPP Gold haina kitu ambacho ya bure haina. Ni ya kumchangia mtengenezaji. Zile "Gold" za kwenye magrupu ya Telegram na WhatsApp hujui zimebeba nini, ya bure ipo Play Store.

---

Jirani wa Kisutu

Maandishi yasiyoonekana! Ndiyo shida yenyewe. Kumbe fonti. Nahamia PPSSPP.

---

kitufe_B

Haya, na ile Run-Ahead ya RetroArch ambayo watu wanaitukuza, mtu aieleze kwa lugha ya watu.

---

KasetiYaZamani

Gemu la zamani lenyewe lina kuchelewa ndani yake: unabonyeza kuruka, linasoma kitufe, linaonyesha baada ya fremu moja au mbili. Run-Ahead inakimbiza gemu mbele kimya kimya, inakuonyesha fremu ya baadaye, kisha inarudisha hali ilivyokuwa. Fremu moja ni milisekunde 16.67, kwa hiyo kuondoa mbili ni karibu milisekunde 33. Kwenye gemu la kuruka na la kupigana utaihisi mkononi.

Kupima: simamisha gemu kwa P, shikilia kitufe cha kuruka, kisha bonyeza K, fremu moja moja, ukihesabu. Mhusika akisogea kwenye mbonyezo wa tatu, weka 2. Kwenye simu itabidi ujipangie vitufe vya Pause na Frame Advance kwenye Hotkeys. Kisha Settings > Latency. Ukizidisha fremu moja utaona mhusika anaruka bila kupita hatua ya kwanza ya mwendo, punguza. Hesabu ni kwa kila gemu, usiiweke kwa kiini kizima.

Gharama yake: ukiweka 2, kiini kinaiga fremu 3 ndani ya muda wa moja. Weka Fast-Forward Rate 0, washa mwendo kasi, soma FPS. Kama haipiti 200, Run-Ahead ya 2 itakukwamisha. Jaribu Preemptive Frames, iliyoingia toleo 1.15: yenyewe inarudia kazi pale tu kitufe kinapobadilika, kwa hiyo ni nafuu zaidi. Yote mawili yanategemea kiini chenye sevu za haraka, ndiyo maana kwa viini vizito vya 3D ni kujisumbua.

Sheda (vichujio vya picha) zinazoiga televisheni ya kioo kinene nazo ni hoja ya RetroArch. Kwenye simu ya driver ya gl utaona sheda za aina ya GLSL, za aina ya slang zinataka vulkan au glcore. zfast-crt inatosha kwa simu, crt-royale muachie mwenye kadi ya michoro.

---

Mdau wa Nyali

Tukihama kutoka moja kwenda nyingine sevu zinafuata?

---

fremu60

Za ndani ya gemu, ndiyo. Za emuleta, zile Save State, hapana kabisa: hazihami kati ya emuleta, na hata toleo jipya la kiini kile kile linaweza kuzikataa. Kabla ya kusasisha kiini, hifadhi ndani ya gemu kwanza.

Snes9x inatumia .srm pande zote mbili, nakili tu. mGBA: badili .srm iwe .sav, jina libaki lile lile la gemu. PS1: memori kadi ni baiti 131,072; .srm ya Beetle ukiibadili mwisho kuwa .mcd DuckStation inaisoma, hakikisha tu ukubwa ni huo. Mengine ya kuhama, fanya nakala kwanza kisha jaribu.

Watu wa simu: Settings > Saving > SaveRAM Autosave Interval, weka sekunde 10. RetroArch inaandika .srm gemu linapofungwa. Simu ya RAM ndogo ikiiua programu wewe ukiwa umepokea simu, na muda huo umezimwa, ulichohifadhi ndani ya gemu hakijafika kwenye memori. Na DuckStation ya Android inaweka memori kadi ndani ya Android/data, ukiiondoa zinaondoka. Nakili kabla.

---

Binti Pangani

KOF 98 (The King of Fighters, gemu la kupigana la Neo Geo) kwenye FBNeo inaleta orodha ya mafaili yanayokosekana. Zip ninayo.

---

Chuma cha Reli

Mambo matatu, dada. Usiifungue zip wala kubadili jina, lazima ibaki kof98.zip. Weka neogeo.zip, ambayo ni BIOS ya Neo Geo, kwenye folda hilo hilo. Tatu, zip iwe ya toleo linalolingana na kiini. FBNeo inafuata seti ya sasa. MAME 2003-Plus, kiini kingine cha arcade, imejengwa juu ya MAME 0.78, na zip ya mmoja mara nyingi haifai kwa mwingine. Orodha anayokuonyesha FBNeo ndiyo jibu lenyewe: yakikosekana machache yenye majina ya sp-s2 au 000-lo ni neogeo.zip, yakikosekana ya kof98 ni seti mbaya. Ukiwa na uchaguzi, chukua seti ya full non-merged, kila zip inajitosheleza yenyewe.

Na Scan Directory isipoyaona magemu yako, hasa yaliyotafsiriwa au kurekebishwa, ni kwa sababu inalinganisha alama za faili na hifadhidata. Tumia Manual Scan, yenyewe haiulizi.

---

Mdau wa Nyali

Na hizi nyingine za yote kwa moja, ares, Mednafen, BizHawk?

---

KasetiYaZamani

Ni za kompyuta. ares ilitoka mikononi mwa Near, mwandishi wa bsnes na higan, na bado inaendelezwa. Menyu yake ni fupi na N64 yake ni nzuri ukiwa na Vulkan. Mednafen haina menyu, ni faili ya mipangilio na mistari ya amri, ila Beetle zote za RetroArch zimetokana nayo. BizHawk ni ya watu wa kurekodi michezo fremu kwa fremu. Kwa PS2 kwenye simu hakuna PCSX2 rasmi ya Android. AetherSX2, emuleta ya PS2 ya Android, mwandishi wake aliiacha Januari 2023, mnazoziona zinaendelea ni za watu wengine.

Anayetaka orodha moja ya magemu bila kujifunga na RetroArch: ES-DE kwenye kompyuta na Android, au Daijishō kwenye Android. Hizo haziigi chochote, zinaonyesha magemu yote pamoja kisha kila konsoli inafunguka na programu uliyoichagulia. SNES inakwenda Snes9x ndani ya RetroArch, PS1 DuckStation, PSP PPSSPP. Kabla ya kuiunganisha, fungua kila emuleta peke yake, panga pedi, hakikisha gemu moja linacheza. Likigoma ukiwa umeshaunganisha, hutajua kosa liko kwenye emuleta au kwenye orodha.

---

kitufe_B

Hapo sawa. Kwa hiyo kitufe cha kutoka nakipanga mara ngapi?

---

KasetiYaZamani

Kwenye RetroArch mara moja: Settings > Input > Hotkeys, Hotkey Enable weka Select, Quit weka Start. Halafu DuckStation na PPSSPP kila moja kivyake, mpe mchanganyiko ule ule wa Select na Start. Usiweke kitufe kimoja peke yake, utatoka katikati ya mechi.